Marehemu wa Rafu ya Chini

Dada yangu alipoambiwa kwamba uvimbe ulio kwenye ini lake una upana wa sentimita kumi na tatu, alifungua mkoba, akatoa tepu yake ya ushonaji, akaivuta mpaka kumi na tatu na kuiinua mbele ya macho yetu.

"Hili ni pindo la pazia," alisema. "Pindo pana, la hoteli."

Yeye ni fundi wa mapazia, mwaka wa thelathini sasa, na hakuna kitu ambacho hajakipima. Daktari mpasuaji alitabasamu kwa adabu. Shemeji yangu, mume wa dada, alitazama viatu vyake. Mimi nilicheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa, maana nikiogopa ama hucheka ama hugombana, na mle ndani hapakuwa na mtu wa kugombana naye.

Nilikuwa nimeingia katika kile chumba kwa sababu mbili. Kwanza ni dada yangu, tumbo moja. Pili, mimi ni karani wa kumbukumbu katika hospitali hiyohiyo. Chumba changu kiko chini ya ngazi, kina dirisha moja la kuhudumia watu na rafu kumi na moja za chuma, na mafaili yote ya wagonjwa wa upasuaji hupitia mikononi mwangu. Wenzangu huniita Bi Mpangilio. Walioanza kuniita hivyo walikuwa wananisimanga, lakini jina lenyewe nililipenda. Daktari akitaka faili la mgonjwa wa miaka minane iliyopita, nampa kabla hajamaliza kupiga chafya. Hilo ndilo jivuno langu, na nalitaja mapema kwa sababu ndilo lililokaribia kumuua dada yangu.

Daktari alifungua droo akatoa kadi. Alikuwa mtu wa kusema polepole, kama anayetembea juu ya sakafu iliyotoka kupigwa deki.

"Hii ni kadi yetu wenyewe," alisema. "Tumewaangalia wagonjwa wote tuliowapasua hapa kwa miaka kumi, wale ambao uvimbe wao wa ini ulizidi sentimita kumi. Tumeangalia walikuwa na nini kabla ya upasuaji, na baadaye yaliwapata yapi."

Kadi ile niliijua. Iliundwa na mtakwimu wa hospitali, mama mmoja tunayemwita Mama Asilimia, ambaye mwaka uliotangulia alikaa wiki tatu chumbani kwangu akichambua mafaili. Ukubwa wa uvimbe una alama zake. Kama umeingia kwenye mshipa mkubwa wa damu, alama nyingine. Umri, majibu ya damu, kiasi cha ini kitakachobaki baada ya kukata, vyote vina alama. Unajumlisha, na jumla inakuambia uko kundi la kwanza, la pili au la tatu. Dada alipata saba. Kuanzia saba kwenda juu ni kundi la tatu, na la nne halipo.

"Katika kundi la tatu tumepasua watu ishirini na wanne," daktari alisema. "Baada ya mwaka mmoja, saba walikuwa hai."

Dada aliikunja tepu taratibu. "Na nisipopasuliwa?"

"Kuna dawa za kupunguza kasi. Uvimbe hautaondoka. Kwa hali yako nategemea miezi, si miaka. Kisu ndicho pekee kinachoweza kuuondoa, lakini ni upasuaji mzito na sitaki kukuficha."

Dada alinigeukia mimi.

"Wewe ndiye unayekaa na hayo mafaili. Anayosema ni kweli?"

"Ni kweli, dada. Niliyatoa mimi mwenyewe, kwa mikono yangu."

"Saba kati ya ishirini na wanne."

"Saba."

Alitikisa kichwa kukubali. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka tisa, yeye ana kumi na tisa, na tangu hapo yeye ndiye aliyenisomesha, akanivisha, akanichapa ilipobidi. Neno langu analiamini kuliko la daktari yeyote. Akasema, "Basi sipasuliwi. Niacheni nife na nguo zangu mwilini."

Daktari alimwomba asikate shauri siku ileile. Ilikuwa Jumatatu. Alimpa mpaka Alhamisi, kwa sababu chumba cha upasuaji kilikuwa na nafasi Jumanne ya wiki iliyofuata, na uvimbe ulikuwa unausogelea mshipa.

Kwenye korido shemeji alinivuta pembeni. Ni mtu wa maneno machache. Ukimpata akisema sentensi mbili mfululizo, ujue nyumba inaungua.

"Shemeji, zungumza naye. Wewe anakusikia."

"Nizungumze nini? Nimwambie saba ni nyingi?"

"Sijui. Sema chochote."

Nilimfokea. Nilimwambia hesabu ni hesabu, na kwamba mimi si mtu wa kumdanganya dada yangu ili yeye apate usingizi. Alirudi kwa mkewe. Jioni yake nilijuta, lakini sikumpigia simu kumwambia hivyo.

Jumanne nilipitia kwao baada ya kazi. Nilimkuta dada jikoni akibandika vipande vya karatasi kwenye makopo: chumvi, sukari, chai. Kila kopo na mwandiko wake mkubwa, na shemeji amesimama nyuma yake kama mwanafunzi aliyechelewa darasani.

"Huyu bwana miaka ishirini na sita hajui chumvi inakaa wapi," dada aliniambia. "Nikiondoka atatia sabuni ya unga kwenye mboga."

"Utaondoka kwenda wapi?" shemeji aliuliza.

"Nenda kalete gundi."

Shemeji alienda kuleta gundi. Dada alisubiri mpaka mlango ufungwe, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mapazia ya ukumbi yako tayari ila hayajapigwa pasi, na kwamba cherehani ile kubwa nisimwachie mtu asiyejua kuitia mafuta. Nilijibu haya, haya, haya. Nilitoka pale nikatembea mpaka nyumbani kwangu kwa miguu kwa sababu sikutaka mtu anione nilivyo.

Jumatano asubuhi, saa nne hivi, alikuja mtu dirishani kwangu. Jitu zima la mtu, kifua kama kabati, anamenya ndizi. Alisema ni dereva wa lori. Tajiri wake anataka barua ya daktari kuthibitisha kwamba ni mzima, kwa kuwa aliwahi kupasuliwa ini.

"Wapi ulipasuliwa?"

"Hapahapa, mama. Mwaka wa tatu huu."

Nilitafuta kwenye rafu ya wagonjwa wanaoendelea kuhudhuria. Hakuna. Rafu ya pili yake, hakuna. Nikainama kwenye rafu ya chini kabisa, nikalikuta, nikalipuliza vumbi. Ndani ya jalada kulikuwa na fomu ya Mama Asilimia, ile ya utafiti, iliyobanwa vizuri kwa pini. *Kundi: la tatu. Hali baada ya mwaka mmoja: amefariki.*

Niliisoma mara mbili. Nikamtazama yule mtu kupitia dirishani. Alikuwa amefika nusu ya ndizi.

"Vipi mama, limepotea?"

"Jina lako ndilo hili?" Nilimgeuzia jalada.

"Ndilo."

"Fungua shati."

"Ati?"

"Fungua shati nikuone!"

Watu wa kwenye foleni waligeuka. Yule bwana alifungua vifungo kwa aibu, ndizi mkononi, na kovu lilikuwa pale: limeanzia ubavuni, limekatisha chini ya mbavu, limeishia katikati ya tumbo. Kovu la ini, nalijua.

"Mbona hukurudi kliniki?" Sauti yangu mwenyewe sikuitambua.

"Nirudi kufanya nini? Nilipona. Nikija hapa nakaa benchi tangu asubuhi mpaka makalio yanakufa ganzi, halafu naambiwa niko mzima. Si nilikuwa nalijua hilo nikiwa nyumbani?"

Nilimwambia asubiri, nikafunga dirisha. Foleni ilipiga kelele huko nje. Nilikaa sakafuni mbele ya rafu ya chini.

Rafu hiyo nilipoianzisha ilikuwa ya marehemu kweli. Mtu akifa, faili lake linashuka chini na nakala ya cheti cha kifo ndani yake. Kisha rafu za juu zikajaa. Hospitali haikunipa kabati jingine ingawa niliomba mpaka nikachoka, nami nikajitungia utaratibu: mgonjwa asiyeonekana kliniki mwaka mzima, faili lake nalo linashuka chini. Chumba kikapendeza. Mkuu wa hospitali alikuja kukitazama akanisifu mbele ya watu. Sikumwambia mtu kwamba pale chini nimewachanganya waliokufa na waliopotea tu, kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Hapana, nisidanganye. Mama Asilimia aliniuliza. Nakumbuka siku yenyewe, nilikuwa nakula chakula cha mchana na mgongo wangu uko kwake. Aliuliza, "Haya ya chini ni ya marehemu?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Yote?" Nami sipendi kuulizwa kitu mara mbili. Nikamjibu bila kugeuka, "Nimeshakwambia." Akashukuru, akaendelea kuandika.

Niliyatoa mafaili ya kundi la tatu yaliyokuwa pale chini. Yalikuwa kumi na saba, kama kadi ilivyosema. Nilitafuta vyeti vya kifo, moja baada ya jingine. Vyeti vilikuwa vitano, vyote vya ndani ya mwaka wa kwanza. Mafaili kumi na mawili hayakuwa na karatasi yoyote ya kifo, na mmoja wa hao kumi na wawili alikuwa nje ya dirisha langu ananung'unika kuhusu barua.

Ningeweza kukaa kimya. Ningemwambia dada tu kwamba kuna mtu nimemwona. Lakini dada angeniuliza nimejuaje, na vyovyote vile ile kadi ingebaki kwenye droo ya daktari ikiwahukumu watu wengine. Nilipiga moyo konde, nikayakumbatia mafaili kumi na saba, nikapanda ngazi mpaka kwa Mama Asilimia.

Nilisema yote nikiwa nimesimama. Alivua miwani, akayasugua macho. Nilisubiri anifokee. Kusema kweli nilitaka anifokee, ningejua la kufanya.

"Na mimi sikudai vyeti," alisema mwishowe. "Nilipaswa kudai. Kila mtu hapa anasema hukosei, nikaona uvivu. Kaa chini. Una namba zao za simu?"

"Ninazo."

"Basi tuanze."

Tulipiga simu kuanzia saa sita mpaka karibu saa kumi, yeye na simu yake, mimi na yangu, watu kumi na mmoja. Ya kwanza ilipokelewa na mwalimu mstaafu. Nilipomwambia natoka hospitali na nataka kujua hali yake, alisema hali yake ni njema, yuko juu ya paa anaziba mahali panapovuja. Nilimwambia ashuke mara moja. Akaniuliza mimi ni nani hasa, maana mkewe ndiye mwenye kumfokea namna hiyo.

Mwingine alikuwa mama muuza vitunguu. Alisema, "Subiri kidogo, nina mteja," akaiacha simu wazi juu ya meza. Nilimsikia akibishana, akaapa, akacheka, akamwita mtu mwingine amletee mfuko. Dakika tano nzima nimeshika simu sikioni, machozi yananitiririka, na Mama Asilimia ananitazama asijue kama aniletee maji au aniache.

Si wote waliopokea wenyewe. Wawili, jamaa zao walituambia walifariki wiki chache tu baada ya upasuaji. Walipelekwa kuzikwa mbali na cheti hakikuletwa. Kwa hao niliomba radhi na kutoa pole. Wa tatu, mke wake ndiye aliyepokea. Alisema mumewe aliishi miaka miwili na nusu baada ya kupasuliwa, akamwoza binti yake, akamshika mjukuu. "Nakushukuru kupiga," aliniambia. "Nilidhani huko mmeshamsahau." Niliinamisha kichwa mezani. Mtu yule sikumpa hata mwaka mmoja, na mkewe ananishukuru.

Namba mbili hazikupatikana kabisa. Wengine sita walikuwa wazima.

Mama Asilimia aliandika upya, kwa kalamu, taratibu, na safari hii kila jina tulilisoma wote wawili. Waliokuwa hai mwaka mmoja baada ya upasuaji: saba wa zamani, saba waliofufuka siku hiyo, dereva akiwamo, na yule marehemu wa miaka miwili na nusu. Kumi na watano. Waliokufa ndani ya mwaka, saba. Wasiojulikana, wawili.

"Kumi na watano," nilisema.

"Kumi na watano kati ya ishirini na wanne. Na makundi mengine mawili lazima tuyarudie, faili kwa faili."

Tulimpelekea daktari. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akaitoa ile kadi kwenye droo, akaichana katikati, akatupa.

"Kuna mzee mmoja," alisema. "Miezi miwili iliyopita. Aliitazama kadi hii akakataa, akaenda nyumbani."

Daktari alikuwa tayari anatafuta namba. Sijawahi kusikiliza simu ikiita kwa namna ile, na wala sikuwa na haki ya kuomba iitikiwe. Iliitikiwa. Mzee mwenyewe alipokea, akalalamika kwamba sauti haisikiki, akatafuta mahali pazuri, akasikiliza. Alikubali kuja Jumatatu apigwe picha upya. Daktari alipoweka simu chini alinitazama kwa jicho kali, jicho la kwanza kali kuniangalia siku nzima.

"Umekuja kusema," alisema. "Nitalikumbuka hilo pia. Sasa nenda kamwambie dada yako. Na umwambie bado si ahadi."

Sikumbuki nilivyofika kwao. Nakumbuka mlango ulikuwa wazi, dada amekaa kwenye cherehani, shemeji anakunja kitambaa. Nilisema nikiwa bado kizingitini.

"Dada, nimekosea."

Mguu wake uliacha kukanyaga. "Umekosea nini?"

Nikamwambia. Rafu, chakula cha mchana, dereva na ndizi yake, vitunguu, mjukuu, yote. Sikujitetea hata kwa neno moja, na niwaambie ukweli, kwa mtu kama mimi hiyo ni kazi ya kutoa jasho.

"Kwa hiyo," dada alisema, "ulitaka kuniua ili rafu zako zipendeze."

"Ndiyo, dada."

"Na watu wazima, wenye meno yao yote, ukawazika."

"Saba, dada. Nane."

Shemeji alitoa sauti. Nilidhani analia, kumbe ni kicheko, kimemponyoka akakiziba kwa kitambaa. Dada alimtazama, akanitazama, midomo ikaanza kumcheza, akacheka mpaka akashika ubavu unaomuuma. Kisha akaacha ghafla.

"Kumi na watano si ishirini na wanne," alisema.

"Hapana. Daktari anasema bado si ahadi. Saba walikufa kweli."

Aliangalia kitambaa kilichokuwa mbele yake. Akakata uzi kwa meno.

"Mwambie nakuja Jumanne."

Jumanne tulikaa kwenye benchi, mimi na shemeji, tangu saa mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Huko nyuma nilikuwa nikiwaona watu kwenye benchi lile kila siku nikipita na mafaili, na sikuwahi kujiuliza wanafanya nini na mikono yao. Shemeji aliiweka yake magotini. Katikati ya saa hizo nilimwambia anisamehe kwa siku ile ya korido. Alisema, "Ipi?" Sijui kama alikuwa amesahau kweli au ananisitiri.

Daktari alitoka na alama ya barakoa usoni. Upande wote wa kulia wa ini ulikuwa umetolewa na uvimbe wake, na mshipa ulikuwa salama. Kilichobaki kilizidi theluthi moja kidogo. Ini huota upya, alituambia, lakini linahitaji muda, na wakati huo kile kipande kidogo lazima kibebe kazi yote peke yake. "Siku ya tano damu itatuambia kama kinaiweza," alisema. "Kabla ya hapo mtu asiwadanganye, wala mimi."

Siku ya kwanza dada alilala. Siku ya pili aliulizia maji. Siku ya tatu weupe wa macho yake uligeuka manjano, nami nikawa natoka kwenda kusimama ngazini, narudi, natoka tena. Majibu ya damu siku hiyo yalikuwa mabaya: nyongo kwenye damu ilifika sabini na mbili. Muuguzi aliniambia ikiwa siku ya tano itakuwa bado juu ya hamsini, na kuganda kwa damu nako kuko chini ya asilimia hamsini, hapo ndipo pa kuogopa. Nilimshukuru kwa kunieleza, nikaenda ngazini.

Siku ya nne, saa za kutazama wagonjwa, shemeji alitoka kidogo kwenda kunyoosha miguu. Dada alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala.

"Unajua kwa nini nilikubali?" alisema.

"Kwa sababu ya kumi na watano."

"Wapi! Hesabu zako siku ile zilinipita zote. Nilishika vitunguu tu." Alipumzika, akavuta pumzi. "Nimekulea tangu una miaka tisa. Ulivunja birika la mama ukasema lilikuwa na ufa. Ulifeli mtihani ukasema mwalimu alikosea kusahihisha. Sijawahi hata siku moja kukusikia ukisema umekosea. Halafu unakuja mlangoni kwangu, hata viatu hujavua, unasema. Nikajiambia, huyu ananitaka niishi. Ananitaka kuliko anavyojitaka mwenyewe. Basi nimjaribie."

Nilimwekea shuka vizuri ingawa ilikuwa imekaa vizuri.

Siku ya tano majibu yalikuja saa tatu na nusu. Muuguzi alinipa karatasi mimi kwa sababu amezoea kunipa karatasi. Nyongo: thelathini na nne. Kuganda kwa damu: asilimia sabini na moja. Nililisoma jina. Nikaisoma namba ya faili. Nikaitazama tarehe. Kisha nikamrudishia na kumwomba aisome yeye kwa sauti, jina mpaka mwisho, nami nikasikiliza. Alisoma vilevile. Nyuma yetu daktari alikuwa amekwisha kufika, akaichukua, akaitazama, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema kitu haraka.

"Linafanya kazi," alisema. "Linafanya kazi vizuri. Mwambieni."

Shemeji aliniachia mimi nimwambie. Nilipomwambia dada, nilingoja mzaha. Alikuwa ametania tangu siku ya tepu, ametania kwenye kitanda cha kusukumwa kwenda kupasuliwa, amemtania hata yule wa kumdunga sindano ya usingizi. Safari hii alivuta shuka mpaka machoni, na mabega yakaanza kutikisika.

"Nilikuwa naogopa," alisema chini ya shuka. "Mdogo wangu, nilikuwa naogopa sana."

Nilikaa kitandani, nikamkumbatia kwa uangalifu upande ambao haukukatwa, nikamwambia najua. Sikuwa nimejua hata kidogo. Muuguzi alikuja kunifokea kwamba kitandani hapakaliwi na wageni, nami sikubishana naye, nilimwambia amesema kweli, nikaendelea kukaa.